Nyuma ya Ulimi na Unukuzi wa Tenzi

Yasemwa mara nyingi darasani ya kuwa sauti kh na gh "hutoka kooni". Msemo huu ni mfupi, nao hushika upesi. Ila yake ni kuwa si wa kweli, na kosa lake halikomei darasani.

Sehemu ya nyuma ya ulimi si kitu kimoja. Juu ya ulimi pana mfuo wenye umbo la herufi V, ncha yake ikielekea kooni. Na mbele tu ya mfuo huo vimejipanga vinundu vikubwa vya kuonjea, kwa kawaida 8 hadi 12. Theluthi mbili za ulimi, zilizo mbele ya mfuo, zimo kinywani. Theluthi iliyobaki ndiyo shina, nalo limeelekea ukuta wa koo, wala halionekani vema kwa mtu kufunua kinywa tu.

Matamshi nayo yana mgawanyo wake. Katika k, g, kh na gh, mgongo wa ulimi huinuka kwenye kaakaa laini: k na g huziba pumzi kabisa, kh na gh huiachia upenyo mwembamba. Qaf ya Kiarabu hurudi nyuma zaidi, hata penye kimio. Sauti ya koo hasa ni ile ha ya Kiarabu iliyo mwanzo wa neno haki, ambapo shina la ulimi hurudi nyuma na kulibana koo. H ya hewa hufanyika chini zaidi, kwenye nyuzi za sauti, na ulimi hauna kazi humo.

Tahajia sanifu, iliyoenezwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, huandika habari, haki na hewa kwa h moja, ingawa asili yake katika Kiarabu ni herufi tatu mbalimbali. Kwa matumizi ya kila siku uamuzi huo una busara, maana wasemaji wengi hawazitengi sauti hizo. Hata hivyo hukumu haikuwa sawa: gh imebakizwa katika ghali na ghafula, lakini kh, itamkwayo mahali pale pale na kutofautiana nayo kwa mtetemo wa nyuzi za sauti tu, imeondolewa katika maneno mengi. Ulimi hautoi sababu ya hukumu mbili.

Hasara kubwa imo katika unukuzi wa tenzi za kale zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu. Mnukuzi azigeuzapo herufi tatu kuwa h moja, humnyima msomaji ushahidi usiopatikana tena ila kwa kurudia mswada wenyewe. Yaweza kujibiwa kuwa mwandishi alifuata elimu ya chuoni, si ulimi wake. Na iwe hivyo. Hata elimu hiyo ni sehemu ya historia ya utungo. Yampasa mnukuzi azitenge herufi hizo kwa alama, na mwalimu aache kulisingizia koo kazi ya mgongo wa ulimi.