Kifuniko Kinachofungwa na Hewa

Msimu wa nyanya ukikolea katika bonde la Ruzizi, bei hushuka mpaka mkulima anashindwa kumlipa hata mbebaji. Luvungi iko kwenye barabara ya taifa namba 5, kati ya Uvira na Bukavu, na jua la bondeni halijui kuivisha kidogo kidogo. Lori likichelewa siku mbili, kwa mvua iliyokata njia ya mlima wa Ngomo au kwa bunduki zilizofunga barabara, vikapu vinaanza kuvuja chini. Nyanya zilizopasuka zinauzwa kwa bei ya bure, na asubuhi inayofuata hata bure hakuna anayezitaka. Ndipo mama wenye mabokali hutoa sufuria zao kubwa.

Habari za mchuzi wenyewe sitazieleza. Kila nyumba ina wake, na ubishi wa kitunguu kiingie lini au mawese kiasi gani hauna mwisho. Mimi nataka kuzungumzia kifuniko tu, lile duara la bati lenye upana wa sentimita 6 na ushei, ambalo ndilo linaloamua kama nyanya hizi zitaliwa wiki hii au mwezi wa sita ujao.

Chukua bokali la mayonezi lililokwisha, lioshe, kisha pindua kifuniko chake uangalie ndani. Bati limepakwa rangi, nyeupe au ya dhahabu, ili ukali wa chakula usilile. Ukingoni kuna utepe wa mviringo wa plastiki laini, uliomiminwa kiwandani ukiwa majimaji ukagandia pale pale. Ukiwa baridi, kucha haiuingii kwa urahisi. Ukiupasha moto unalegea na kuupokea mdomo wa kioo. Pembeni bati limekunjwa kwa ndani mahali panne au zaidi, kama meno. Mdomo wa bokali nao una nyuzi fupi za mshazari, kila uzi kwa jino lake, na ndiyo maana robo ya mzunguko inatosha kufunga na robo nyingine kufungua. Vifuniko vingi vina pia kitufe katikati, kivimbe kidogo kinachozama bati likivutwa kutoka ndani na kuibuka tena mvuto ukikatika.

Hakuna chochote hapo kilichotengenezwa kwa ajili ya nguvu za mkono. Kijana anayetaka kusaidia hukamata bokali kwa leso, akauma meno, akakaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Mama humnyang'anya. Mkono kazi yake ni kukiweka kifuniko mahali pake, kigusane na kioo pande zote, basi. Atakayekifunga hajafika bado.

Anayekifunga ni hewa ya nje. Nyanya ikimiminwa ingali inachemka, na nafasi ya juu ikaachwa upana wa kidole, mvuke hujaa pale juu na kuisukuma hewa itoke. Bokali likizamishwa kwenye maji yanayochemka, chini ya sufuria kukiwa na kitambaa ili kioo kisigusane na chuma, utaona vipovu vikitoka pembeni mwa kifuniko, mfululizo mwembamba unaopanda juu. Hiyo ni hewa iliyokuwa imebaki ndani, inaondoka. Kifuniko kilichokazwa kupita kiasi huizuia. Kilicholegea mno huruhusu na mchuzi utoke, kisha maji ya sufuria yaingie. Kati ya hivyo viwili kuna kipimo ambacho hakina chombo cha kukipimia, kipo kwenye ncha za vidole vya mtu aliyekwisha fanya kazi hii mara nyingi.

Baada ya hapo bokali linatolewa na kuwekwa juu ya ubao au nguo iliyokunjwa. Ukiliweka juu ya saruji baridi, kioo kinapasuka na kazi yote inamwagika. Linapopoa, mvuke unarudi kuwa maji, na maji yale yanachukua nafasi ndogo kuliko mvuke kwa zaidi ya mara 1,500. Juu ya mchuzi sasa pamebaki karibu utupu. Hewa ya Luvungi, ambayo siku zote imetulemea bila sisi kuihisi, inakuta chini ya bati hakuna wa kushindana nayo. Tukisema ndani imebaki nusu tu ya mgandamizo wa nje, kifuniko cha milimita 63 kinabanwa kwa uzito wa karibu kilo 14. Utepe wa plastiki, ungali na joto, unazama kwenye mdomo wa kioo na kugandia katika umbo hilo.

Halafu inasikika: *ta!* Kitufe kimezama. Dakika chache kimya, *ta!* nyingine kutoka upande wa pili wa ubao. Watoto hupenda sana saa hii, na daima yupo mmoja anayenyoosha kidole kubonyeza kile ambacho hakijalia. "Acha, mwanangu, bado kinavuta." Amri hiyo ina sababu. Kitufe kilichosukumwa kwa kidole kinaweza kubaki chini kwa muda bila kuvutwa na kitu, na hapo umekifundisha kifuniko kusema uongo.

Kabla ya yote hayo kuna jambo dogo ambalo mimi naliona ndilo kiini cha ufundi huu, nalo ni kuupangusa mdomo wa bokali. Kitambaa safi, kimeloweshwa maji ya moto na kukamuliwa, kinazungushwa mara moja juu ya ukingo, kisha kidole kinafuata polepole kikitafuta mbegu ya nyanya, uzi wa kitunguu, tone la mafuta, au pengo dogo kwenye kioo. Mbegu moja ikibaki pale, utepe utaikumbatia, pembeni mwake patabaki njia nyembamba kuliko unywele, na kwa njia hiyo hewa itarudi ndani usiku kucha. Mwenye haraka huruka hatua hii kwa sababu haionekani kama kazi. Mafuta ndiyo mabaya zaidi, maana macho hayayaoni, na ndiyo maana mafundi wengine hawatii mawese hata tone kwenye nyanya ya kuhifadhi. Mawese yatatiwa siku ya kula.

Ufundi huu ulianza kabla ya elimu yake. Mfaransa Nicolas Appert, mtengenezaji wa vyakula vitamu, alipewa na serikali yake faranga 12,000 mwaka 1810 kwa sharti la kuichapa siri yake kitabuni. Alitumia chupa nene za shampeni, vizibo vya gome na waya wa kuvibana, akazichemsha zikiwa zimefungwa. Kwa nini chakula hakikuoza, hakujua kwa hakika. Habari za vijidudu zilikuja kuelezwa vizuri na Louis Pasteur katika miaka ya 1860. Mmarekani John Landis Mason alipata hataza ya bokali lenye nyuzi mwaka 1858, na jina lake limebaki kwenye kioo hadi leo. Lakini anayenivutia mimi ni Mjerumani Rudolf Rempel, ambaye hataza yake ya mwaka 1892 ilikuja kununuliwa na Johann Weck. Bokali lao lina kifuniko cha kioo, mpira wa duara na vibanio vya chuma. Unabana, unachemsha, unaacha lipoe, kisha unavitoa vibanio. Unaviweka sandukuni! Bokali linabaki rafuni bila uzi, bila jino, bila waya, kifuniko kimekaa juu yake kwa hewa peke yake.

Mara ya kwanza mtu akielezwa hivyo huona ni uzembe. Kwa nini usiache vibanio kwa usalama? Kwa sababu kibanio kingekiweka kifuniko mahali pake hata baada ya chakula kuharibika. Vijidudu vikianza kutoa gesi ndani, kifuniko kisicho na msaada huachia chenyewe, na asubuhi unakikuta kimelegea. Vifuniko vya Marekani vya vipande viwili vina busara hiyo hiyo: pete ya nje inaondolewa baada ya kupoa. Kifuniko chetu cha mayonezi hakiwezi kuvuliwa meno yake, kwa hiyo ushahidi wote umeachiwa kitufe, na hiyo ndiyo kasoro yake kubwa machoni pangu.

Kasoro ya pili ni uzee. Kifuniko hiki kilitengenezwa kifunge mara moja. Ukikikagua baada ya matumizi utaona alama ya mdomo wa bokali la kwanza imechimbika kwenye utepe, mfereji wa duara. Wataalamu wa kuhifadhi chakula wanasema kisirudiwe, na wana haki. Ila vifuniko vipya havipatikani Luvungi kwa mtu wa mabokali 20, kwa hiyo watu hurudia, na katika kurudia huko kuna wanaofanya ovyo na wanaofanya kwa akili. Mwenye akili hakitenganishi kifuniko na bokali lake, ili mfereji urudi kwenye mdomo ule ule uliouchimba. Hakifungui kwa kukibenua na kisu, maana bati lililopinda halinyooki tena. Chenye kutu ndani hutupwa, chenye utepe uliokatika hutupwa, na chenye harufu ya pilipili hubaki kuwa cha pilipili maisha yake yote.

Kuna mabokali yanayopanda Bukavu, na hapo ndipo Ngomo inapoingia tena katika hadithi. Luvungi iko kwenye mita 900 hivi juu ya bahari, Bukavu kwenye 1,500. Kule juu hewa ni nyepesi zaidi. Bokali lililofungwa bondeni linapofika juu linakuta aliyekuwa akilibana amepungukiwa nguvu: katika zile kilo 14, karibu 2 zimebaki kwenye kona za Ngomo. Kifuniko kilichofunga vizuri hakijali. Kile kilichokuwa kinashikilia kwa shida huachia humo humo garini, na mama anayeshusha mzigo anakuta vitufe viwili vitatu vimeibuka. Wengine husema ni mitikiso ya barabara. Mitikiso ipo, nani atabisha, lakini mlima wenyewe nao umechangia.

Mlima una jambo lingine zito zaidi. Maji ya Bukavu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, ya Luvungi kwenye 97, kwa hiyo yanayotokota sawasawa hayana joto sawa. Vipimo vya Marekani vya nyanya iliyopondwa, kwa bokali la nusu lita, vinataka dakika 35 usawa wa bahari. Kwa kimo cha Luvungi 40, kwa Bukavu 45. Muda huo unahesabiwa tangu maji yaanze kutokota, siyo tangu sufuria iwekwe kwenye mbabula, na makala yakififia katikati hesabu inaanza upya.

Tena kitufe kilichozama kinathibitisha jambo moja tu, kwamba hewa haijaingia. Hakisemi kwamba ndani mmekufa kila kitu. Kuna kijidudu kiitwacho *Clostridium botulinum* ambacho hewa ndiyo adui yake. Mbegu zake hustahimili maji yanayochemka, na ukimfungia mahali pasipo hewa wala uchachu umemjengea nyumba. Sumu yake huua, na inaweza kuwamo bila harufu wala povu. Kinachomzuia kwenye nyanya ni uchachu, na kwa kuwa nyanya nyingine ni pole mno, kila nusu lita hutiwa kijiko kimoja kikubwa cha maji ya ndimu. Yale ya chupa ndiyo yanayopendekezwa, kwa sababu ukali wake haubadiliki, ilhali ndimu ya mtini leo ni kali, kesho imepoa. Sombe, maharage, nyama na samaki hawana uchachu huo. Hao wanahitaji nyuzi zaidi ya 115, joto ambalo sufuria ya kawaida hailifikii hata ukeshe unachochea. Linapatikana kwenye sufuria ya mgandamizo peke yake. Fundi wa kweli ukimletea sombe akufungie kwenye bokali la mayonezi, atakupikia mle leo.

Nasikia watu wakisema ufundi huu ni wa kigeni, sisi wetu ni kukausha na kuchachua. Ndagala wa Tanganyika hukaushwa juani, ni kweli, na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, haitaki kabisa kifuniko cha namna hii. Iweke kwenye bidoni iliyozibwa kabisa uone itakavyovimba na kukulipukia. Lakini mkono unaojua kulegeza kizibo cha kasiksi kwa kipimo ili ipumue ni mkono ule ule unaojua kuacha kifuniko cha nyanya kipumue kwa kipimo kabla hakijafungwa. Sioni ugeni wowote hapo.

Kesho yake asubuhi mabokali hukaguliwa moja moja. Kidole kinabonyeza katikati: bati likicheza na kutoa sauti, bokali hilo halikufunga, linaingia kwenye chakula cha mchana bila kinyongo. Likikaa kimya, linapanguswa na kupangwa katoni na karatasi za daftari kuukuu katikati, tayari kwa gari. Sokoni Kadutu, kule Bukavu, mteja atakuja, atalinyanyua juani aangalie rangi, kisha mkono wake utaelekea kwenye kifuniko apate kunusa. Mwenye mali humwahi.

"Mama, hapo ukifungua, umenunua."