Heko mafundi mashua wa Kalokol

Kilomita kama 60 kutoka Lodwar, pale Kalokol, wapo mafundi wanaostahili heshima. Ziwa Turkana lililo jirani, lenye urefu wa karibu kilomita 290, si la mzaha: upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa kishindo na mawimbi huinuka ghafla. Wazee walivua kwa vyelezo vya magogo ya mikoma; leo fundi huunga mashua kwa mbao. Mtazame akishindilia pamba kwenye viungo kwa patasi na nyundo, kisha akipapasa kwa kidole kutafuta mwanya uliobaki. Roho za wavuvi zimo katika kazi hiyo. Samaki mkavu anayefika masoko ya Lodwar na Kakuma ameanzia mikononi mwa mafundi hawa. Mafundi, hongereni sana. Vijana na waje wajifunze kwenu.