Sauti ya Bustanini: Kukisoma Tena Kitabu cha Augustino

Katika vijiji vyetu wako vijana wema wanaongoja. Ukimwambia mmoja wao, "Njoo utusaidie kuwafundisha watoto," hujibu, "Mwalimu, mimi sijaitwa bado." Ukimwuliza maana yake, husema hajaota ndoto wala hajasikia sauti. Tena wengine humtaja Augustino, Mwafrika wa Thagaste, aliyesikia sauti bustanini mjini Milano mwaka 386. Kwa hiyo nimekisoma tena kitabu chake kiitwacho Maungamo, nione kama ndivyo kifundishavyo.

Habari yenyewe imo katika sehemu ya nane, kati ya sehemu 13. Augustino amejitupa chini ya mtini, analia. Kutoka nyumba ya jirani yasikika sauti ya mtoto, asijue kama ni wa kiume au wa kike, ikimtaka atwae na kusoma. Basi akaufungua Waraka wa Paulo kwa Warumi, akasoma maneno machache, moyo wake ukatulia.

Ukurasa huo ni mzuri sana, wala si ajabu watu kuukumbuka. Lakini anayeusoma huo peke yake amelitazama tunda asiutazame mti. Angalieni yaliyotangulia. Monika mama yake alimwombea miaka mingi kwa machozi. Askofu Ambrosio alimfumbulia Maandiko kwa mahubiri. Mzee Simpliciano alimsimulia jinsi Victorino, mwalimu mashuhuri wa Roma, alivyoikiri imani mbele ya watu wote. Tena siku ile ile ya bustani alikuja Ponticiano, Mwafrika mwenzake, kwa shughuli nyingine kabisa. Alipokiona kitabu cha Paulo mezani, akaanza kusimulia habari za Antonio wa Misri. Na Antonio naye aliitwaje? Aliingia kanisani, akasikia Injili ikisomwa, akayapokea maneno yale kama yameandikwa kwa ajili yake.

Basi hesabuni: mama, mhubiri, mzee, mgeni, msomaji wa kanisani, na mtoto wa jirani. Hakuna malaika hata mmoja. Hapo ndipo naona ubora wa kitabu hiki. Mwandishi angaliweza kuigeuza sauti ile kuwa ngurumo ya mbinguni, lakini asema kwa unyofu kwamba kwanza alijiuliza kama si maneno ya mchezo wa watoto.

Sisi walimu tusiipite sehemu ya tisa. Augustino alikuwa mwalimu wa ufasaha wa kusema. Alipokwisha kuitikia hakuwaacha wanafunzi wake ghafula. Alingoja siku kama 20 mpaka likizo ya mavuno ya zabibu, asije akaonekana anajitangaza, ndipo akaiacha kazi ile. Pasaka ya mwaka 387 Ambrosio akambatiza.

Upungufu nauona mmoja. Mwanamke aliyeishi naye miaka mingi, mama wa mwanawe Adeodato, alirudishwa Afrika, akamwahidi Mungu kwamba hatamjua mwanamume mwingine. Hilo nalo lilikuwa kuitikia, na Augustino mwenyewe akiri kwamba wakati ule hakuweza kumfuata katika nadhiri hiyo. Lakini jina lake hakuliandika. Labda alitaka kumstahi. Hata hivyo nasikitika, maana walioitika kimya kimya ndio wengi katika kanisa.

Liko na jambo lingine ambalo kitabu hakilisimulii. Mwaka 391 Augustino alikwenda mji wa Hippo, na watu wa kanisa wakamkamata wakampeleka kwa Askofu Valerio ili awe kasisi. Alilia, lakini alikubali, akawatumikia watu wa mji ule mpaka kufa kwake mwaka 430. Safari hii hakusikia mtoto wa jirani. Alisikia watu waliomhitaji.

Mimi nilianza kufundisha kwa sababu mwalimu wetu aliugua, na mzee wa kanisa akanipa chaki. Nilidhani ni kazi ya juma moja tu, na mpaka leo ningali nayo. Ewe kijana ungojaye sauti, mkumbuke yule aliyekuomba msaada jana, na jibu ulilompa.