Mcheza Kwao Hutunzwa; Mtunzi Je?

Mfasiri anapokutana na kitenzi cha Kiingereza "appreciate", aghalabu hukimbilia "thamini", akaandika na kuendelea na kazi yake. Hakosei. Kile cha Kiingereza kimetokana na neno la Kilatini lenye maana ya bei, na hiki cha Kiswahili kimetokana na neno la Kiarabu lenye maana hiyohiyo. Ni wachuuzi wawili waliokutana sokoni wakaelewana. Ndiyo maana "tunathamini mchango wako" limekuwa tamko la barua za ofisi na hotuba za wageni rasmi, na ni nadra kumsikia mtu akilitamka kwa mwenziwe barazani.

Katika viunga vya Dar es Salaam, kuanzia Magomeni na Mwananyamala upande wa Kinondoni hadi Mtoni na Mbagala upande wa Temeke, kuna kitenzi kingine chenye nguvu zaidi, nacho huishi katika kumbi za taarabu: kutunza. Anayetunza hatoi noti ovyo. Husubiri. Ubeti wa kwanza hupita, wa pili hupita, mpaka ufike ule unaosema jambo lake. Ndipo anyanyuke, noti imebanwa vidoleni, acheze taratibu hadi jukwaani, amkabidhi mwimbaji, na pengine arejee kitini kwa njia ndefu inayopita mbele ya meza ya hasimu wake. Kelly Askew, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyefanya utafiti Tanga katika miaka ya 1990, alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 2002: zawadi ile ni usemi. Mtunzaji amesikiliza, amefasiri, amechagua ubeti na kuutia sahihi mbele ya hadhara. Ni wahakiki wangapi wa magazetini wafanyao hayo yote kwa shairi moja?

Wapo wanaotaka kutenganisha maneno: "kutuza" liwe la kutoa zawadi, na "kutunza" liwe la kuhifadhi. Utenganisho huo unafaa darasani. Lakini methali yenyewe hutamkwa kwa namna zote mbili, mcheza kwao hutuzwa, mcheza kwao hutunzwa, na ukumbini hakuna anayesahihishwa. Lugha imeyaacha mambo mawili yakae katika neno moja: kumpa mtu kwa sababu amefanya vyema, na kumweka asipotee. Heri ingekuwa hivyo katika matendo.

Kwani noti humfikia nani? Humfikia mwimbaji. Katika miaka ya 1990, TOT na Muungano waliposhindana, na Khadija Kopa na Nasma Khamis wakawa majina ya kugawa mitaa, kila mpasho ulijulikana kwa koo lililoutoa. Aliyeketi na kalamu akapima vina na mizani, akaficha jina la mtu ndani ya jina la samaki au ua, hakuwamo katika mazungumzo ya asubuhi yake. Mzee Yusuf, mwana wa Unguja aliyeasisi Jahazi mwaka 2006, alikuwa mtunzi na mwimbaji kwa pamoja, na hivyo zawadi ilifika ilikostahili. Lakini hata yeye, mkono ulionyooshwa ulikuwa ukilipa sauti. Sheria inamtambua mtunzi: Bara kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Zanzibar kwa sheria yake ya mwaka 2003. Ukumbi bado haujamtambua.

Vitenzi vingine havijasaidia. "Kuhusudu" kuna makali pande mbili: amhusuduye mtu yamkini anampenda mno, yamkini anamwonea kijicho, na mipasho hustawi katika shaka hiyo. "Kuenzi", neno lenye asili ya utukufu, limezoeleka mno kuwa la marehemu. Steven Kanumba alipozikwa makaburi ya Kinondoni mwezi wa Aprili 2012, umati uliofurika ulijaa watu wa kumuenzi; aghalabu msanii aliye hai huambiwa tu kwamba anajitahidi. Ama "kusifu", neno hilo limechakaa mjini kiasi kwamba "mtu wa sifa" ni tusi.

Hasara ya neno hili la mwisho ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Sifa ni kile alicho nacho mtu kabla ya kuwa kile anachopambwa nacho. Asili yake ni kueleza, na humo ndimo limo "wasifu". Shaaban Robert alilielewa hilo. Siti binti Saad, aliyekuwa amesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, alifariki mwaka 1950. Mshairi huyo wa Tanga akamwandikia Wasifu wa Siti binti Saad, na kwa kitabu hicho Siti anasomwa hata na asiyewahi kuisikia sauti yake. Waliomtunza kwa fedha walikuwa wengi. Aliyemtunza kwa maana ya pili alihitaji karatasi.

Watunzi wa Temeke hawajapata mwandishi wa namna hiyo, wala hawahitaji kumsubiri ili haki ianze. Mshereheshaji anayetaja majina ya wafadhili mara kumi usiku mmoja angeweza kumtaja mwenye maneno mara moja kabla ya kinanda kuanza. Kwa sasa, ubeti wa tatu unapofika na noti zikaanza kupanda jukwaani, huenda aliyeuandika yuko nyumbani Tandika, anausikia wimbo wake kutoka redio ya jirani, na jirani hajui.