Pudini Hutazamwa Ubavu

Pudini ikipinduliwa sahanini ikasimama, ukumbi mzima wa harusi husema mashaallah. Sukari iliyounguzwa inateremka, simu zinatolewa, na mpishi anasifiwa kabla mtu hajaonja. Anayenyamaza huambiwa ana husuda. Lakini kusimama si sifa. Hata ugali husimama. Pudini nyingi zinazopigiwa vigelegele siku hizi, Dar es Salaam na Mombasa, zina vitundu ubavuni vya kupitisha njiti ya kiberiti. Kwa fundi hiyo ni aibu ya kurudisha sufuria jikoni. Kwa wageni ndiyo “laini, tamu, Mungu akubariki mikono”.

Hapa inazungumzwa pudini ya mayai ya bakuli moja kwa mtu mmoja. Ile ya sinia, inayokatwa vipande kwa kisu, ina watu wake na waachwe nayo. Kibakuli kidogo hakikuchaguliwa kwa ajili ya urembo. Mayai yakishachanganywa na maziwa na sukari huganda yakikaribia nyuzi 80 za Selsiasi, na yakivuka 85 hivi huanza kukatika. Uwanja wa kuchezea ni nyuzi tano tu. Katika chombo kikubwa, pembeni huwa pamekwisha kuharibika wakati katikati bado ni uji. Katika kibakuli, joto lina safari fupi ya kufika kati, kwa hiyo pembe na kiini huiva karibu pamoja. Anayeshindwa kuivisha sawasawa kibakuli cha mtu mmoja hana udhuru wa chombo.

Sasa, ubavu.

Mgeni hutazama juu, fundi huzungusha sahani. Juu pa pudini hung'aa daima, maana sukari hufunika mengi. Ubavu hauna pa kujificha. Ndio uliogusana na bati, ndio uliopata moto wa kwanza na mkali kuliko sehemu nyingine yoyote. Ukiivishwa kwa subira hunyooka, ukawa na rangi moja toka juu hadi chini, na kama bakuli lilikuwa na mikunjo, kila mkunjo hujichora. Ukiivishwa kwa pupa hutoboka. Tena vitundu hivyo ni vya aina mbili, na hapo ndipo hata wanaojiita waamuzi hupotea.

Aina ya kwanza ni vidogo, vya mviringo, vimejikusanya upande mmoja tu: ule uliokuwa juu bakuli lilipokuwa motoni, yaani ulio chini sasa sahanini. Hilo ni povu. Mayai yamepigwa kupita kiasi, au yametiwa kwenye blenda, kisha mchanganyiko haukuachwa utulie wala haukuchujwa. Ni kosa la mkono, si la moto, na pudini yenyewe yaweza kuwa nzuri ajabu. Husameheka, ila kwa kununa kidogo.

Aina ya pili haina msamaha. Vitundu ni virefu, vimejipanga ubavuni kuzunguka, vingine vimeungana vikawa vijia. Huo ni mvuke uliotafuta njia ya kutoka: pudini imechemka. Protini za yai zimejikaza na kukamua maji ambayo zilikuwa zimeyashika. Bonyeza kidogo kwa mgongo wa kijiko, utaona maji ya manjano yakichuruzika na kuizimua sukari. Mdomoni utakuta chembechembe na harufu ya yai la kuchemsha ambayo iliki haiwezi kuifukuza. Kijiko hupita upesi, ni kweli, kwa sababu kinapita kwenye mashimo. Wasiojua huuita wepesi huo ulaini. Pudini iliyoiva vizuri hukipa kijiko ukinzani mdogo sana, kisha humegeka na kuacha uso mtelezi, usio na tundu hata moja.

Wajanja wanaujua ubavu kuliko wageni wao. Wapo wanaopitisha kisu cha moto kuzunguka pudini ili kuziba vitundu, na wapo wanaounguza sukari ya ziada na kuimwagia hadi ubavu wote uzame. Pudini inayoogelea ichunguzwe kwanza. Sukari ya haki ni ile iliyoyeyuka yenyewe chini ya bakuli kwa unyevu wa pudini, na kazi hiyo huchukua usiku mzima. Anayepindua baada ya saa moja huacha nusu ya sukari yake imekwama kwenye bati, halafu anatengeneza nyingine ya kuongopea.

Vitundu vya moto huzuiwa kwa mambo madogo yanayochosha. Kitambaa hutandikwa ndani ya sufuria, chini ya vibakuli, ili vibakuli visigusane na chuma chenye moto. Maji hufika nusu ya kimo cha vibakuli, na hayaruhusiwi kuchemka, yanapumua tu. Chini ya kifuniko hufungwa kitambaa kingine kinachonyonya matone, kwa kuwa tone likiangukia pudini huiachia kovu. Fundi hafunui kila dakika. Huinama akasikiliza: vibakuli vikianza kugongana, maji yamezidi, na makaa yanapunguzwa. Anayetumia oveni naye huweka vibakuli ndani ya trei ya maji, na akiwa na akili haifuniki trei hiyo kwa foili. Maji yaliyo wazi hupoa kwa kupotewa na mvuke. Yakifunikwa hupanda hadi yachemke, na faida yote ya trei ikapotea.

Wajapani, ambao hupika yai na supu ya samaki katika vikombe vidogo na kuiita chawanmushi, wana hila yao ya jambo hilohilo: hupenyeza kijiti cha kulia chini ya kifuniko cha chungu cha mvuke ili joto la ziada litoke. Chakula hicho ni cha chumvi, kina uyoga na kamba ndani, na mara nyingi hupimwa supu sehemu tatu kwa sehemu moja ya yai. Ni kiasi cha kutisha kwa mpishi wa pudini, lakini hakipinduliwi. Huliwa humohumo kikombeni. Nacho pia kikitoboka, mpishi amejulikana.

Kuhusu udanganyifu, chanzo chake kimoja hakikuwa udanganyifu hata kidogo. Mwaka 1837 mkemia wa Birmingham, Alfred Bird, alitengeneza kastadi isiyo na yai kwa sababu mkewe alikuwa akidhuriwa na mayai. Aliigandisha kwa wanga wa mahindi. Mapenzi mema, na mke alistahili. Lakini kastadi ya unga haikuvumbuliwa ili mtu Kariakoo achukue oda ya pudini ya mayai mia, atie mayai kumi na unga, halafu apokee bei ya mayai yote. Utaitambua kwa ubavu pia: ni laini mno, hautoboki kamwe, na ukikatwa una weupe mfu. Ulimi hubaki na utando. Mwani na jelatini nazo huigandisha pudini bila hofu ya moto. Kampuni ya Glico ya Japani imeuza tangu 1972 pudini ya kikombe cha plastiki chenye kijipini chini. Ukikivunja, hewa huingia na pudini hudondoka sahanini ikiwa nzima kabisa. Watoto huifurahia, na kwa hilo haina ubaya. Iitwe tu kwa jina lake.

Maziwa mazito ya kopo ni mjadala mwingine. Gail Borden, Mmarekani, alipata hataza yake mwaka 1856, na pwani hii imeyapenda kupita maziwa mabichi. Yanakubalika, lakini sukari ya mchanganyiko ipunguzwe. Wengi hawapunguzi, ndiyo maana pudini za harusini humfanya mtu aombe maji.

Mengine hayahitaji hoja. Iliki isagwe papo hapo. Arki ya vanila ya chupa haina nafasi mbele ya iliki, na zote mbili pamoja ni kelele. Kungumanga kidogo, sawa. Zabibu kavu juu, hapana. Jani la mnanaa, hapana zaidi. Kibakuli kiwe cha bati, kwa kuwa sukari huunguziwa humohumo juu ya moto na kuzungushwa hadi ipande kidogo ukutani. Vya kioo hupasuka kwa kazi hiyo, na vya foili vilivyojaa madukani hupinda vikibanwa, kisha pudini hutoka na kiuno cha upande. Sukari iishie kahawia nyekundu, mahali ambapo uchungu umebisha hodi lakini haujaingia. Ya manjano ni sharubati.

Palikuwa na wakati, kabla ya oda za mia mia, pudini ilipikwa vibakuli sita au vinane kwa futari ya wageni maalumu, juu ya makaa yaliyokwisha kushika jivu, mayai ya kuku wa kienyeji yakaipa rangi ambayo sasa hutafutwa kwa chupa. Vibakuli vile vya bati havikuonekana mezani siku nyingine yoyote. Aliyevikwaruza kwa kijiko cha chuma alisemwa hadi Idi.

Hotelini kuna ujanja wa mwisho, nao umekopa hadhi ya Ufaransa. Creme brulee, ambayo François Massialot aliiandika katika kitabu chake cha 1691, huachwa ndani ya chombo kwa haki: ni ya malai na viini vya yai, haiwezi kusimama, na sukari yake huunguzwa juu mpaka iwe kigae cha kupasua. Chombo chake ni kifupi na kipana ili kigae kiwe kingi. Mgahawa wa Le Cirque wa New York, wa Sirio Maccioni, uliifanya mtindo wa dunia miaka ya 1980. Tangu hapo kila jiko linaloona haya kupindua pudini yake huileta mezani ndani ya bakuli, ikiwa na sukari chini, na kuiita ya Kifaransa. Mteja ana haki ya kumwomba mhudumu sahani na kisu chembamba, akaipindua mwenyewe, akaizungusha.