Mafuta Yaliyochoka

Mafuta ya kukaangia chipsi yakishachoka hujulikana: yanakuwa meusi, yanatoa moshi mapema, yananata na kunuka. Mengi huishia mtaroni. Ninaowasifu hapa ni wale wanaoyapitia jioni na dumu, wakaenda kuyapikia sabuni ya kufulia, kwa maana kazi yao ina uangalifu mwingi kuliko unavyoweza kuudhania ukikiona kipande chenyewe.

Huanza kwa kuyachuja kwa kitambaa, kisha huyachemsha pamoja na maji ya chumvi. Yakipoa, uchafu hushuka na maji, mafuta yakaelea. Harufu hupungua, weusi haupotei wote, na kwangu mimi hauna haja ya kupotea. Sabuni ya kufulia haidaiwi kuwa nyeupe, na anayeimwagia manukato na rangi ili aufiche ukahawia wake anaionea.

Kisha huja mizani, na hapa ndipo fundi anapojulikana. Kila mafuta yana kipimo chake cha kostiki soda. Kilo moja ya mafuta ya alizeti huhitaji takriban gramu 134, ya mawese 141, ya nazi 183. Kostiki ikizidi, sabuni huchubua mikono. Ikipungua, nguo hubaki na utelezi. Mafuta ya mabaki huwa mchanganyiko usiojulikana vizuri, hivyo fundi mwema huegemea kipimo cha chini. Anayefua kutwa nzima kwa mikono, nguo za watu wengine, hatamwona kamwe aliyeipima sabuni yake. Mikono ya mtu huyo ndiyo inayolindwa pale juu ya mizani, kwa gramu chache tu, na kwangu hiyo ndiyo heshima kubwa ya ufundi huu.

Kostiki yenyewe haitaki mzaha. Hutiwa ndani ya maji, kamwe si maji juu ya kostiki, na maji hupata joto kali yenyewe bila moto. Fundi huvaa glavu na miwani, hukaa penye hewa, na watoto huwa mbali. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na alumini ndiyo hasa inayoliwa na kostiki, ikitoa gesi inayoweza kuwaka. Ndoo ya plastiki ngumu ndiyo salama.

Mafuta na maji ya kostiki vikishapoa kiasi, huchanganywa na kukorogwa hadi viwe vizito kama uji, na tone likidondoka kutoka kwenye mwiko liache alama juu. Wakati huo mafuta yanavunjika, gliserini inajitenga, sabuni inazaliwa. Mfaransa Michel Chevreul aliueleza undani wa jambo hilo katika kitabu cha mwaka 1823, lakini watu walikuwa wamepika sabuni kwa majivu na mafuta maelfu ya miaka kabla yake. Kigoma, na ng'ambo ya mpaka huko Rumonge, Burundi, mawese yamelisha ujuzi huo huo, na sabuni zake hufua vizuri sana.

Baada ya kumiminwa na kukatwa, vipande hupangwa penye upepo wiki nne au zaidi. Kungoja huko kunawashinda wengi wenye haraka ya fedha, na ni hasara kwa mnunuzi, maana sabuni mbichi huyeyuka upesi ndani ya beseni. Iliyokauka hudumu.

Hata hivyo, katika maji ya visima vya pwani yenye chokaa, hata iliyokauka vizuri hutoa utando badala ya povu. Magadi kidogo yakitangulia kwenye maji, chokaa hushikwa na sabuni hupata kufanya kazi yake. Fundi anayezijua nyumba za wateja wake huwaambia hivyo anapowakabidhi vipande, na wengine huwafungia magadi hayo pamoja navyo.