Krimu na Dhahabu Nyanda za Juu: Mgeni Kaja, Mwenyeji Yuko Wapi?

Sebule ni chumba chenye hadhira. Vyumba vingine vya nyumba huwatumikia wenyewe. Sebule humtumikia mgeni, na kwa hiyo hupangwa kwa nia ya kusomwa. Anayeingia husoma ukuta, pazia, zulia na kabati kabla hajaulizwa habari za atokako. Ikiwa ni hivyo, basi pambo la sebule lastahili kuhakikiwa kama utungo mwingine wowote: liulizwe linasema nini, linamwambia nani, na limetungwa kwa ustadi gani.

Katika miji ya Mbeya na Iringa, kama ilivyo katika miji mingi ya Afrika Mashariki, utungo unaopendwa ni wa rangi mbili, krimu na dhahabu. Kuta ni krimu, makochi ni krimu yenye ukingo wa dhahabu, mapazia ni mazito yenye majani ya dhahabu, meza ni ya kioo juu ya miguu ya dhahabu. Ukutani imetundikwa saa yenye miale kama jua. Juu kuna dari la jipsamu lililozungushiwa taa. Chumba hiki hakina wilaya. Kingeweza kuhamishiwa Dar es Salaam au Nairobi, na hakuna ambaye angegundua kwamba kimehama.

Haki itangulie lawama. Msomaji wa visiwani, aliyezoea ukuta mweupe wa chokaa, asiharakishe kuicheka krimu ya bara. Pwani jua ni jingi, na kazi ya ukuta ni kulirudisha lilikotoka. Mbeya imekaa kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, chini ya mlima Loleza; Iringa imezidi mita 1,500. Ifikapo Juni na Julai, baridi huingia hadi uvunguni, na mwanga wa asubuhi ya mawingu huufanya ukuta mweupe uonekane kama uliopakwa majivu. Krimu, kwa kuwa ina tone la manjano ndani yake, hukipa chumba joto ambalo jua halikuleta. Dhahabu nayo, jioni, chini ya taa ya mwanga wa njano, huokota nuru ndogo na kuikuza. Kwa hiyo rangi zenyewe hazina kosa. Waliozichagua kwanza walikuwa na jicho.

Kosa limo katika utunzi. Joho la bwana harusi wa Pwani hutiwa zari, lakini zari hukaa shingoni, kifuani na ukingoni. Kitambaa kilichobaki huachwa kitulie ili zari ionekane. Ushairi una kanuni hiyo hiyo. Kina hutua mahali pake, katikati na mwisho wa mshororo, na sikio hukingoja. Mshororo ambao kila silabi yake ingekuwa kina usingekuwa na kina hata kimoja. Sebule nyingi za krimu na dhahabu zimeikiuka kanuni hii. Dhahabu imetiwa kwenye pazia, kwenye mto, kwenye fremu, kwenye chano, kwenye maua ya plastiki na kwenye kitasa cha mlango, hata jicho halijui litue wapi. Wahenga walikwisha kusema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na dhahabu ya sebule hizi inatembea chumba kizima.

Jambo hili lina uchungu wake zaidi Mbeya kuliko kwingine. Mji huo ulianzishwa mwaka 1927, wakati watu walipokuwa wakimiminika katika machimbo ya Lupa, upande wa Chunya, na wachimbaji wadogo wa Chunya wangali wakichimba hadi leo. Dhahabu ya kweli hutoka ardhini mwa mkoa huo na kwenda zake. Inayorudi sebuleni ni rangi iliyopakwa juu ya plastiki na bati. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mwenye nyumba anayenunua saa yenye miale hana kosa, kwani hununua kile ambacho kipato chake kimemruhusu. Lakini mhakiki hawezi kuacha kuona kwamba pambo hilo limekuja badala ya kitu chenyewe, katika mji uliozaliwa na kitu chenyewe.

Pwani nayo isijisifu kupita kiasi. Nyumba za mabwana wa Pate zilijaa vyombo vya kaure kutoka Uchina, na mshairi wa Al-Inkishafi, mwanzoni mwa karne ya 19, aliziona zidaka zao zikiwa zimeachiwa ndege. Kujipamba kwa vitu vya mbali ni tabia yetu ya zamani. Hata hivyo kuna tofauti moja kubwa. Kaure ilikuwa ngeni, lakini kidaka kilichoibeba kilichongwa kwa chokaa ya matumbawe ya pale pale, na fundi wa pale pale. Mgeni aliketishwa katika mikono ya mwenyeji. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo. Sebule ya krimu na dhahabu ya Nyanda za Juu imemleta mgeni, kisha ikamtoa mwenyeji nje.

Na mwenyeji alikuwapo. Milulu, majani marefu ya mahali penye majimaji ambayo wanawake wa Iringa husuka vikapu, ikikauka hupata rangi iliyo kati ya maziwa na asali. Hiyo ni krimu na hiyo ni dhahabu, bila kupakwa. Vikapu hivyo leo hutundikwa kwenye kuta za watu wa Ulaya na Marekani kama michoro, ilhali nyumbani kwao aghalabu huachiwa jikoni. Mbao za paina kutoka Sao Hill, Mufindi, zikipakwa vanishi isiyo na rangi, ni krimu. Mianzi ya Rungwe, ambayo Wanyakyusa walijengea nyumba zao nadhifu, ikikauka ni dhahabu. Ua la pareto katika mashamba ya nyanda hizo lina petali nyeupe na moyo wa manjano iliyoiva. Mjini Iringa, karakana ya Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003, huwakusanya mafundi wenye ulemavu wanaofuma vitambaa na kutengeneza karatasi kwa mikono. Malighafi ipo, na mkono upo.

Liko pia suala la udongo. Ardhi ya Iringa ni nyekundu, na mtoto arudiye shuleni huja na ardhi hiyo miguuni. Kochi la krimu halimsamehe. Basi makochi hufunikwa, mlango hufungwa, na watoto huambiwa wapitie nyuma. Jioni ya baridi familia hukaa jikoni karibu na jiko, wamebanana, huku chumba kikubwa kuliko vyote kikimngoja mtu asiyejulikana atakuja lini. Jina la Iringa latokana na lilinga, yaani boma. Lilinga la Mkwawa pale Kalenga lilijengwa kuwazuia maadui. Sebule ya leo imegeuzwa lilinga la kuwazuia wana wa nyumba.

Hapo ndipo hukumu ya pambo ilipo. Krimu ibaki ukutani, kwani hali ya hewa imeitetea. Makochi yavae rangi inayoujua udongo: kahawia, kutu, au kijani cha chai ya Mufindi. Dhahabu ipewe mahali pamoja au pawili, kama kina, na mojawapo iwe ya milulu. Mlango ufunguliwe. Sebule itakayopangwa hivyo itang'aa kidogo kuliko ile ya dukani, lakini atakayeingia ataisoma na kujua amefika wapi, na watoto wa nyumba watakuwamo ndani kumkaribisha.